Kabla Damu Haijafika kwenye Mashine

Mtu anapopewa jibu la maabara lisilolingana na hali yake, swali la kwanza linaloulizwa, na mgonjwa au na daktari, huwa ni kuhusu mashine. Je, imeharibika? Imezeeka? Ilikaguliwa lini mara ya mwisho? Nimefanya kazi ya maabara huku visiwani Lamu kwa muda wa kutosha kuamini kwamba swali hilo, ingawa ni la haki, mara nyingi huelekezwa mahali ambapo kosa halipo. Mashine za siku hizi hupima kwa usahihi mkubwa hata zinapowekewa damu ya mtu mwingine. Mgonjwa aliye kitandani huletewa jibu lililo sahihi kabisa, lakini la damu isiyo yake.

Mario Plebani na Paolo Carraro, watafiti wa Padova nchini Italia, walifuatilia makosa ya maabara moja ya vipimo vya dharura na kuchapisha walichokiona mwaka 1997. Kati ya makosa waliyoyabaini, asilimia 68.2 yalitokea kabla ya upimaji wenyewe kuanza, asilimia 13.3 wakati wa kupima, na asilimia 18.5 baada ya kupima, yaani katika kuandika, kupeleka na kupokea majibu. Walirudi katika maabara ile ile na kuchapisha uchunguzi wa pili mwaka 2007, na hatua ya kabla ya kupima ilikuwa ingali inabeba asilimia 61.9. Huo ni mji wenye chuo kikuu kikongwe na barabara za lami. Sisi ambao damu yetu husafiri kwa boti, ikateremshwa gatini na kubebwa na mtu aliyekuwa akija mjini kwa shughuli zake, tuna sababu kubwa zaidi ya kuanza kutafuta hatari nje ya mlango wa maabara.

Hatari ya kwanza ni jina. Mwambao wetu una majina tunayoyapenda, nayo hurudi kizazi baada ya kizazi kwa kuwa mtoto hupewa jina la babu au la nyanya yake. Katika kliniki ya wajawazito ya asubuhi moja si ajabu kukuta akina Fatma Mohamed watatu, na wawili kati yao baba zao wote ni Mohamed Ali. Muuguzi aliyelemewa na kazi husimama mlangoni akaita, "Fatma Mohamed!" na anayeinuka ni yule aliyekaa karibu na mlango. Wodini hali huwa nzito zaidi. Mtoaji damu humwendea bibi mzee na kumuuliza, "Bi, wewe ndiwe Mwanaisha Omar?" na bibi hujibu, "Naam, mwanangu." Huenda hakusikia vizuri. Huenda alisikia, lakini amelelewa kuona kwamba si adabu kumpinga mtu aliyekuja kumhudumia. Naam ile ni ya heshima, na haiwezi kutumiwa kama utambulisho.

Swali linalofaa ni lile lisilobeba jibu ndani yake: "Bi, nitajie jina lako, la baba na la babu." Akishataja, mtoaji damu analinganisha alichosikia na kilichoandikwa kwenye fomu, kisha anatafuta kitambulisho cha pili. Vitabu vingi vya mafunzo hupendekeza tarehe ya kuzaliwa, nami naheshimu pendekezo hilo, lakini wazee wetu wengi wana tarehe ya kukadiria iliyoandikwa siku walipochukua kitambulisho, na hawaikumbuki. Kwa hiyo kwetu namba ya faili ndiyo nguzo. Anayetaka kuona umuhimu wake awafikirie mapacha Hassan na Hussein, wenye baba mmoja, mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, na mara nyingi homa moja, wamelazwa katika kitanda kimoja. Hapo hakuna kinachowatenganisha ila namba.

Baada ya jina inakuja chupa. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu kosa nitakalolieleza ni dogo mno kwa macho, hufanywa kwa nia njema, na linaweza kuua. Mtoto mchanga amechomwa sindano na damu imetoka kidogo. Chupa ya kifuniko cha zambarau, ya kuhesabia seli, imejaa zaidi ya inavyohitajika, na ile ya kifuniko chekundu, ya kupimia chumvi za mwilini, imepata matone mawili tu. Mama analia, mtoto analia zaidi, na hakuna anayetaka kumchoma tena. Mhudumu anafungua vifuniko vyote viwili na kumimina damu kidogo kutoka kwenye zambarau kwenda kwenye nyekundu. Kwa macho, damu ni damu ile ile ya mtoto yule yule.

Ndani ya chupa ya zambarau, hata hivyo, mna dawa ya kuzuia damu isigande iitwayo EDTA, na kwa kawaida huwa ni chumvi ya potasiamu. Dawa hiyo huzuia kuganda kwa kuishika kalsiamu ya damu. Damu iliyomiminwa huenda na sifa zote mbili: potasiamu yake imeongezwa na dawa, na kalsiamu yake imefungwa. Mashine itapima kwa uaminifu na kuandika potasiamu ya 8 au zaidi, wakati kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni takriban 3.5 hadi 5.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na cha mtoto mchanga hakizidi hapo sana. Potasiamu ya juu kiasi hicho husimamisha moyo. Daktari anayejali mgonjwa wake hawezi kungoja. Ataanza dawa za kuishusha, na mtoto ambaye potasiamu yake ilikuwa sawa atateremshwa hadi chini ya alipostahili kuwa.

Kinga ya kosa hili ina tabaka zaidi ya moja, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwanza, chupa zijazwe kwa mpangilio wake, nyekundu kabla ya zambarau, kwa kuwa hata ncha ya sindano inaweza kubeba dawa kutoka chupa moja hadi nyingine. Pili, kuwe na chupa ndogo za watoto, ili mhudumu asijikute katika dhiki inayomlazimu kumimina. Hili ni jambo la bajeti, na nalitaja kwa sababu mara nyingi mhudumu hulaumiwa kwa uamuzi uliofanywa na aliyeagiza vifaa. Tatu, mtu wa maabara anapoiona potasiamu ya kutisha aitazame kalsiamu ya sampuli hiyo hiyo kabla ya kupiga simu. Potasiamu iliyopanda sana sambamba na kalsiamu iliyoporomoka ni alama ya chupa ya zambarau, na sampuli mpya inatakiwa papo hapo.

Sasa twende baharini. Sampuli kutoka Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, huja mjini Lamu kwa boti, na anayeijua njia hiyo anajua kwamba safari haiongozwi na saa ya ukutani. Mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika vizuri maji yakijaa. Yakipwa, nahodha hungoja au huzunguka nje, na msimu wa kusi kuzunguka nje si jambo la kila chombo. Damu iliyotolewa asubuhi inaweza kufika alasiri.

Katika saa hizo damu haikai kimya. Seli zake ziko hai na zinakula. Sukari katika damu ambayo haijatenganishwa hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida la chumba, na joto letu la Februari si la kawaida. Mgonjwa ambaye sukari yake ilikuwa 5.0 alipochomwa sindano anaweza kuonekana ana 3.9 baada ya saa nne. Hakuna aliyekosea katika kuipima. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye sukari ya juu kosa hilo humfanya aonekane ana nafuu asiyokuwa nayo, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu jibu zuri halimshtui mtu.

Suluhisho linalowajia watu wa pwani haraka ni barafu, kwa kuwa barafu tunayo: wavuvi hawasafiri bila hiyo, na mtu aliyezoea kuona nguru akifika mnadani akiwa bado mbichi huona kwamba damu nayo ikizikwa barafuni itafika salama. Damu haifuati kanuni ya samaki. Ikigusana na barafu moja kwa moja seli huweza kuganda na kupasuka. Hata isipopasuka, ubaridi huzizuia seli kufanya kazi yake ya kuvuta potasiamu ndani, na potasiamu huvuja taratibu kwenye majimaji yanayozizunguka. Damu nzima iliyokaa saa kadhaa kwenye ubaridi hufika na potasiamu ya uongo, na ubaya wake ni kwamba majimaji yake hayabadiliki rangi kuwa mekundu kama yanavyofanya seli zikipasuka. Mpokeaji haoni chochote cha kumtia shaka.

Jibu la kweli ni kutenganisha damu kabla ya safari. Zahanati yenye sentrifuji, yaani ile mashine ya kuzungushia damu, iache damu igande, iizungushe, ihamishe seramu, yaani majimaji yanayobaki juu, katika chupa nyingine safi, na hiyo ndiyo ipande boti ikiwa katika kisanduku cha ubaridi. Pasipo na sentrifuji au stima ya kuiendesha, naona ni uaminifu zaidi kusema kwamba kipimo cha potasiamu hakitolewi kutoka kituo hicho, na mgonjwa anayekihitaji aje mwenyewe, kuliko kuendelea kutoa namba zinazotegemea maji yalijaa saa ngapi. Najua uzito wa maneno hayo kwa familia isiyo na nauli. Nayasema kwa sababu namba ya uongo nayo humgharimu mgonjwa, na huenda ikamgharimu mara mbili. Hesabu ya seli kutoka chupa ya zambarau huvumilia safari hiyo bila taabu, na hakuna sababu ya kuinyima.

Lipo jambo la saa pia. Fomu imeandikwa "damu imetolewa saa 2". Aliyeandika alimaanisha saa mbili asubuhi kama tunavyohesabu sisi. Aliyepokea, aliyezoea saa za kizungu za kazini, anasoma saa nane mchana na kuamini kwamba sampuli ni mbichi, kumbe imekaa saa sita zaidi ya anavyodhani. Tumekubaliana katika vituo tunavyoshirikiana navyo kuandika kwa mtindo wa saa 24: 0800 au 1400. Mwanzoni wengine waliona ni ukali usio na maana. Lakini bila saa ya kuaminika, kila nilichosema kuhusu sukari na potasiamu hakina pa kusimama.

Kwenye darubini nitapita haraka. Slaidi ya malaria ya tone nene inahitaji maji yasiyo ya chumvi, yaliyosawazishwa kufikia pH ya 7.2, ili seli nyekundu zipasuke na rangi ya Giemsa ishike vimelea ipasavyo. Visima vingi vya visiwani vina maji ya chumvi, na mwenye kuyatumia kuchanganyia rangi atakaza macho bure. Unyevu wetu nao huotesha ukungu kwenye lenzi, na huharibu vipimo vya haraka vya malaria ikiwa pakiti itafunguliwa kabla ya wakati wake. Kwa vipimo vile vinavyotafuta HRP2, protini inayotolewa na vimelea vya malaria, ikumbukwe kwamba protini hiyo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo mstari wa pili hauthibitishi kwamba dawa imeshindwa.

Haya yote ndiyo ninayoyaita kudhibiti hatari: kukaa chini kabla kosa halijatokea, kuifuata sampuli hatua kwa hatua tangu daktari anapoandika fomu hadi jibu linaposomwa, na kuuliza katika kila hatua ni nini kinaweza kwenda kombo, kitamdhuru mgonjwa kiasi gani, hutokea mara ngapi, na je, tutakitambua kabla hakijamfikia. Kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189, katika toleo lake la mwaka 2022 kimeliweka jambo hili katikati ya mahitaji yake, na kimeingiza pia vipimo vinavyofanywa kando ya mgonjwa, kama vile vya sukari kwa tone la kidole. Kipo na kiwango mahususi cha kudhibiti hatari katika maabara, ISO 22367 cha mwaka 2020. Maabara inayoomba ithibati ya KENAS, shirika la ithibati la hapa Kenya, haiwezi tena kuonyesha orodha ya makosa yaliyopita na kuishia hapo. Itaulizwa imefanya nini kuhusu yale ambayo hayajatokea.

Mbinu inayotumika sana ni kutoa alama. Kila kosa linalowezekana hupewa alama 1 hadi 10 kwa uzito wa madhara yake, kwa wingi wa kutokea kwake, na kwa ugumu wa kulitambua, kisha alama hizo tatu huzidishwa. Mizizi ya mbinu hiyo iko katika jeshi la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940. Naitumia, lakini naikataa inapotumiwa kama kikokotoo pekee. Majibu yanayochelewa kufika wodini yanaweza kupata 3 kwa madhara, 6 kwa wingi, 3 kwa ugumu wa kutambulika: zikizidishwa ni 54. Damu ya mgonjwa mmoja kuwekwa katika chupa yenye jina la mwingine wakati wa kuomba damu ya kuongezewa inaweza kupata 10, 1 na 3: zikizidishwa ni 30. Kwa hesabu peke yake, tungetumia fedha zetu kwenye majibu yaliyochelewa. Tangu Karl Landsteiner alipoeleza makundi ya damu mwaka 1901 inajulikana kwa nini mtu akiongezewa damu ya kundi lisilomfaa anaweza kufa baada ya kiasi kidogo tu kuingia mwilini. Kwa maoni yangu, chochote chenye 10 ya madhara kishughulikiwe kwanza bila kujali kimezidishwa na nini. Kwa mgonjwa ambaye kundi lake halina kumbukumbu kwetu, kinga ni sampuli ya pili, itolewe kwa wakati mwingine, na ikiwezekana na mtu mwingine. Sampuli mbili zilizotolewa kwa sindano moja na kuandikiwa saa mbili tofauti hazimkingi mtu.

Mashine nayo ina zamu yake, sikusudii kuisahau. Kila asubuhi hupimwa sampuli ya udhibiti ambayo jibu lake linajulikana, na alama huwekwa kwenye chati ambayo Levey na Jennings waliileta maabara mwaka 1950. Kanuni za kuisoma chati hiyo zilipangwa na James Westgard na wenzake mwaka 1981. Tabia ninayoipinga kwa nguvu ni ile ya kurudia sampuli ya udhibiti mara ya pili, ya tatu, hata ya nne, mpaka namba ikubali, kisha kuandika ile iliyokubali. Mipaka ya chati huhesabiwa kwa mikengeuko sanifu kutoka wastani: wa pili ni mikengeuko miwili, wa tatu ni mitatu. Jibu moja katika takriban ishirini litatoka nje ya mipaka ya pili kwa bahati tu, ni kweli. Lakini lililovuka mpaka wa tatu, au mawili mfululizo yaliyovuka wa pili upande ule ule, lina sababu, na sababu haiondolewi kwa kurudia. Mara nyingi ni kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, kilichokaa nje ya friji usiku stima ilipokatika.

Kuna maabara moja ya mwambao, sitaitaja, ambayo niliitembelea na kuonyeshwa rejista ya makosa iliyokaa mwaka mzima bila kuandikwa. Niliambiwa kwa fahari. Baadaye, tukinywa chai, kijana mmoja wa pale akanieleza kwamba aliyeandika kosa mara ya mwisho aliitwa ofisini na kupewa barua. Kuanzia hapo kalamu zote zilikauka. Sampuli ziliendelea kubadilishana majina, lakini zilirekebishwa kimyakimya na anayeziona, na asiyeziona hakuwa na habari. Mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya watu 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo kwa makosa ya tiba, na ilisisitiza kwamba mengi ya makosa hayo huzaliwa na mipangilio mibovu kuliko na watu wazembe. Mimi husoma rejista tupu kama dalili ya hofu. Ninachokitaka zaidi kiandikwe ni kosa lililokaribia kutokea: lebo iliyoonekana si yake kabla ya kupimwa, simu ambayo mpokeaji alirudia "saba nukta tisa" alipoambiwa "tisa nukta saba" na akasahihishwa pale pale. Maandishi hayo hayana aliyeumia, kwa hiyo watu huyaandika kwa uwazi, na ndani yake mna ramani yote ya makosa makubwa.

Na kinga yenyewe inaweza kuleta hatari yake. Kituo kimoja kilianza kuchapa lebo kaunta, mgonjwa anapoandikishwa, ili kuondoa tatizo la mwandiko mbaya. Karatasi ya lebo ilifuatana na faili. Baada ya muda, lebo zilizobaki za mgonjwa aliyeondoka zikawa zinasahaulika kwenye sinia la kutolea damu, na anayefuata akabandikiwa. Zamani mwandiko usiosomeka ulimfanya mpokeaji asite na kuuliza. Herufi zilizochapwa vizuri hakuna aliyezitilia shaka. Walipoitathmini upya hatua hiyo waliona kwamba mashine ya kuchapa inapaswa kuwa mezani pa kutolea damu, lebo zitoke idadi ya chupa zilizojazwa, na zibandikwe baada ya damu kuingia chupani, mgonjwa akiwa bado amekaa. Waya wa stima umeshavutwa hadi mezani hapo. Wodini bado haujafika, na huko wahudumu wanaendelea kuandika kwa kalamu kando ya kitanda, jina la mtu, la baba, la babu, na namba ya faili.